Siku Niliyolivunja Birika la Baba Yako

Ngamiani, Tanga
Alasiri, siku moja kabla ya safari yako

Mwanangu Tatu,

Usishtuke ukifungua begi huko Kigoma ukakuta mwiko wa fundi mwashi umelala katikati ya magauni yako ya kufundishia. Nimeuweka mimi. Nimeusugua, nimeupaka mafuta ya nazi usishike kutu, nikauzungushia barua hii na kuufunga kwa kipande cha kanga. Najua utasema, "Mama naye! Mwalimu wa fizikia na mwiko wapi na wapi?" Soma kwanza, cheka baadaye.

Mambo ya kula vizuri, kufunga mlango na kuchagua marafiki sitayaandika. Tangu juzi shangazi zako wamekujaza nasaha mpaka nikakuona unasinzia huku umekaa wima. Mimi nataka kukuandikia habari za bafu letu. Najua ulikuwepo, tena nusu ya kazi umeifanya wewe. Lakini yaliyokuwa yakipita kichwani mwangu hukuyaona, na mengine nilikuficha kwa aibu. Kesho utakuwa mbali, kwa hiyo leo nayasema.

Unalikumbuka lilivyokuwa. Kuta nusu buluu, nusu chumvi tupu; ukiegemea unatoka na unga mgongoni. Mlango umeliwa na maji chini, miguu ya mwenye kuoga inaonekana mpaka jikoni. Sakafu ina vishimo vya kutosha kufugia samaki. Choo cha kuchuchumaa kimepasuka ukingo. Na kwenye ukuta wa magharibi, limekula karibu nusu ya nafasi, birika la saruji la kuhifadhia maji alilolijenga baba yako mwaka tuliooana. Alilipamba mbele kwa marumaru ndogo za buluu alizozitoa sijui wapi katika safari zake za lori. Lilikuwa zuri kulitazama, lakini lilivuja. Tuliliziba kwa saruji, tukaliziba kwa lami, mwaka mmoja niliwahi hata kuliziba kwa sabuni ya mche. Kila asubuhi tulikuta maji yametambaa sakafuni na birika limebaki na nusu yake.

Baba yako alipofariki, ukiwa darasa la saba, niliapa moyoni kwamba birika lile halitaguswa. Lilikuwa kazi ya mikono yake, na mama yake bado anaishi humu ndani na kuliona kila siku. Nilijiambia nikiligusa, Bibi ataona namfuta mwanawe ukutani. Hayo sikumwambia mtu. Yashike, kwa sababu balaa yote ilianzia hapo.

Kisha ikaja siku ile Bibi alipochuchumaa chooni na magoti yakagoma kumwinua. Alikuita wewe, hakuniita mimi. Tulimwinua wote wawili, akatoka ameshikilia ukuta, anacheka ili sisi tusilie. "Mke mwenzangu," akakwambia, "mie sasa nimekuwa kiti, nikikaa mpaka nibebwe." Usiku ule sikupata usingizi, na asubuhi nikatangaza kwamba bafu litafanywa upya, na fundi ni mimi.

Wewe ulileta simu ukanionyesha zile video zako, yule mwanamke wa Ulaya anayebadilisha bafu zima kwa rangi, gundi na tabasamu. Nilikwambia yule ana kila kitu isipokuwa mkwe. Lakini moyoni nilisema, anavyoweza huyu nisiweze mimi nina nini? Mimi ni binti wa fundi mwashi. Kule Muheza, kabla sijajua kusuka nywele nilijua kukoroga saruji. Marehemu babu yako alikuwa akinituma, "Agnesi, lete mwiko," nami nakwenda mbio na mwiko huu huu ulioushika sasa hivi.

Naam, Agnesi. Hilo nalo tulizungumze, maana ndilo lililokuwa donda. Mimi nimezaliwa nyumba ya kanisa, nikasilimu, nikaitwa Amina, nikaja kuolewa Ngamiani kwa watu waliohitimu Kurani kabla hawajaota meno ya pili. Hakuna aliyeninyanyasa. Lakini mtu akija kwenye nyumba ya watu, masikio yake hurefuka. Mtu akisema "chumvi imezidi", mimi nasikia "wa Muheza huyu". Mtu akinisahihisha herufi moja ya sura, nasikia "wa kuja huyu". Miaka ishirini na nne nimeishi na masikio hayo, na sikuwahi kumuuliza yeyote kama ndivyo alivyomaanisha.

Basi tukaanza. Ulikwenda kule kwenye nyumba ya wageni iliyokuwa ikibomolewa vyumba, ukarudi na choo cha kukaa kwenye mkokoteni, kimeota kutu ya maji lakini hakina ufa. Tulikisugua kwa ndimu na majivu mpaka kikang'aa kama sahani ya Idi. Duka la vifaa vya ujenzi likatupa marumaru zilizovunjika bure, mwenye duka akisema tunampunguzia takataka. Nilifurahi mno, Tatu, na nilipofurahi nikawa na haraka. Nikapaka rangi juu ya chumvi. Wewe ukasema, "Mama, si tuikwangue kwanza?" nikakujibu kwamba chumvi inakufa kwa rangi ya mafuta. Haikufa, kwa taarifa yako. Ndani ya wiki ukuta ulivimba malengelenge mpaka ukawa unatisha.

Lakini hilo lilikuwa kosa dogo. Lile kubwa lilitokea siku ya kukiweka choo. Tulikiweka kama kile cha zamani kilivyokuwa, kinatazama magharibi, ukakaa kujaribu, magoti yako yakagonga birika. Nikakaa mimi, yangu pia. Bibi na magoti yake asingeweza hata kugeuka. Ukasema taratibu, "Mama, birika ndilo limezidi." Nikajifanya sijasikia. Saruji ilikuwa imeshakorogwa iko kwenye karai, jua kali, inaanza kukaza. Nikakigeuza choo, nikakielekeza ule upande wenye nafasi, nikakizungushia saruji, nikapiga mwiko, nikasimama nimeshika kiuno.

Ukasema, "Mama, mbona kinatazama huku?"

Nikakwambia, "Nipo nyumba hii tangu hujazaliwa."

Mwanangu, hebu fikiria. Chumba cha kusalia kiko mbele. Kila siku, mara tano, nasimama pale nimeelekea uani. Uani ndiko kaskazini. Uani ndiko kibla. Miaka ishirini na nne paji langu la uso limeelekea bafu hilo, halafu nikaingia ndani yake nikakiweka choo kinachotazama kule kule. Mtoto wa madrasa anajua haja haielekezwi kibla, asingefanya vile. Nilifanya mimi kwa sababu saruji ilikuwa inakaza, na kwa sababu sikutaka kuligusa birika, na kwa sababu aliyeniuliza alikuwa mwanangu niliyemfundisha kutembea.

Bibi aliingia kesho yake asubuhi. Sisi tumesimama nje kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. Akatoka hata hakujaza kopo la maji. Akasema kwa upole kabisa, nakumbuka ulivyokuwa upole, "Mkamwana, kazi nzuri. Lakini choo umekielekeza kibla. Mie hapo siwezi kukaa."

Ungekuwa wewe ungesema, "Lahaula, tumekosea, tukigeuze." Mimi nilisikia jingine. Nilisikia Agnesi wa Muheza anaambiwa hajui Mungu yuko upande gani. Na pale pale, nikiwa na saruji kwenye kucha, kazi yenyewe yote nimeifanya kwa ajili ya magoti yake, nikamwambia mama mzaa baba yako, "Basi Mama, kama changu hakikufai, wanao wengine nao wana nyumba."

Ulishika mdomo. Kesho yake, baada ya sala ya alfajiri, Bibi alifunga kanga zake na Msahafu wake kwenye kikapu, akamwita yule kijana wa bodaboda wa mtaani amfikishe stendi, akaenda zake Bweni, ng'ambo ya Mto Pangani, kwa shangazi yako Mwanaisha. Hakuaga kwa hasira. Alinipa mkono, akaniambia, "Kwa heri, mwanangu, nyumba njema." Hicho ndicho kilichonimaliza.

Nikanyamaza. Hapo pana aibu kuliko lile neno lenyewe. Neno lilinitoka kwa hasira, lakini kimya nilikichagua kila siku upya. Shangazi yako alipiga simu, nikakupa wewe uongee. Watu mtaani waliuliza Bibi yuko wapi, nikasema amekwenda kupunga upepo. Nilioga katika bafu lile jipya, nikiangalia malengelenge ukutani na maji ya birika yakinitambalia miguuni, na choo chenyewe nikawa nakikalia upande upande, nusu ya kalio langu hewani, kwa kuogopa kibla. Sasa nacheka, lakini siku zile sikucheka.

Halafu ukaja ujumbe wako wa ajira. Kigoma! Ulipiga kelele mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta. Miaka miwili ya kufundisha watoto wa watu masomo ya jioni kibarazani, na leo umepata shule yako. Mimi nilikuwa nimeshaanza vigelegele uliponikatiza. Ukasema, "Mama, siondoki mpaka Bibi arudi."

Nikasema unatania. Ukasema, "Nikiondoka sasa, Bibi hatarudi tena, na wewe utabaki peke yako na choo chako kizuri."

Nilikasirika, nakiri. Nilikwambia huna adabu. Nikaingia chumbani, nikafunga mlango, nikakaa kitandani, na kilichonijia sicho nilichokitarajia. Nilimkumbuka baba yangu kule Muheza. Siku moja alijenga ukuta wa stoo ya mtu, ameumaliza, vibarua wameshanawa, akarudi nyuma hatua chache akautazama. Ulikuwa umepinda, kidogo tu, mwenye nyumba asingejua. Akachukua nyundo, akaubomoa mchana ule ule, watu wote wanaangalia, wengine wanacheka. Nikamuuliza kwa nini asingoje giza liingie angalau. Akaniambia, "Nimeukosea mchana." Akaendelea kubomoa. Mimi nilikuwa nimekosea mbele yako na mbele ya Bibi, nami nilikuwa nangoja giza.

Nikatoka. Nilipita mbele yako sikukutazama, nikachukua nyundo kubwa chini ya ngazi, nikaingia bafuni. Ulinifuata mbio ukidhani nakwenda kuvunja choo. Nikasimama mbele ya birika la baba yako. Nikasema, "Bakari, nisamehe," nikalipiga.

Pigo la kwanza halikufanya kitu, mkono tu ulikufa ganzi. La pili lilifungua ufa, na maji yote yakaja kwa mpigo mmoja, yakatulowesha mpaka kiunoni, ndoo ikaelea. Ukapiga ukelele, kisha ukaanza kucheka, na mimi nalia nacheka sijui kipi ni kipi, naendelea kupiga. Jirani akachungulia tena: "Jamani, Mama Tatu, mmepatwa na nini?" Nikamjibu, "Narekebisha makosa yangu, karibu uone!" Toka siku hiyo ananiheshimu.

Wewe ndiye uliyenizuia nisizisage zile marumaru za buluu. Ulizibandua moja moja kwa ncha ya kisu, ukazipanga kwenye sinia la pilau. Sikukwambia neno wakati ule. Leo nakwambia asante.

Kazi ya pili hatukuifanya kwa haraka, na wewe ndiye uliyekuwa fundi, mimi kibarua. Tulikwangua kuta mpaka tofali. Tukaziosha kwa maji matamu, tukaziacha zikauke siku baada ya siku, ukinigombeza kila ninapoinua brashi. Tukapaka chokaa kwanza, ukuta upumue, rangi ya mafuta ikapata nafasi yake chini tu kwenye kurushiwa maji. Sakafu tukaipanga kwa vipande vya marumaru zilizovunjika, vyeupe, vya kahawia, vya maua, na kila baina ya vipande pana mfereji wa saruji, ndiyo maana mguu hautelezi. Nilikuwa nimeona haya kuleta takataka za duka ndani ya nyumba. Sasa wageni wanauliza tumezinunua wapi.

Na kile choo. Kukitoa kwenye saruji bila kukipasua, hiyo ndiyo siku niliyokujua wewe ni nani. Ulilala kifudifudi sakafuni na tindo na nyundo ndogo, tik, tik, tik, kutoka asubuhi mpaka adhuhuri, mimi nimekikumbatia kisitikisike, tunanong'ona kama watu walio msibani. Kingepasuka tusingekuwa na kingine. Nilitaka kukwambia ongeza nguvu, piga sana, nikauma ulimi. Kilipoachia, kizima, hata kikwaruzo hakina, ulikaa chini ukakibusu. Ulikibusu choo, Tatu! Wanafunzi wako wa Kigoma wasije wakajua.

Ulibadilisha kona ya bomba, ukakielekeza magharibi, na pale palipokuwa birika magoti yakapata uwanja mzima. Mabaki ya birika hatukuyatupa. Ulisema, "Bibi anataka kuoga amekaa." Tukayapanga yale mabonge pembeni, tukayamiminia saruji, likawa benchi dogo linalolingana na kimo chake, na mbele yake tukazibandika marumaru za buluu vile vile baba yako alivyozipanga. Ukutani tukafunga bomba la chuma la kushikia. Pipa la plastiki lenye koki likachukua kazi ya maji, na halivuji. Mlango tukaukata chini ulipooza, tukaupigilia bati. Miguu ya watu sasa ina sitara.

Lilipokwisha, nilifungua mlango nikasimama. Nilijivuna, mwanangu, sitakudanganya. Nilijivuna kuliko siku yangu ya harusi. Lakini bafu lilikuwa zuri na nyumba ilikuwa na watu wawili.

Siku niliyokwenda Bweni uliniuliza unisindikize, nikakataa. Nilijua nikija na wewe, wewe ndiye utakayeomba radhi kwa niaba yangu. Nilivuka Mto Pangani kwa pantoni, nimesimama katikati ya pikipiki na vikapu vya nazi, narudiarudia maneno kama mwanafunzi. Nilipofika ukumbini kwa shangazi yako yote yalikuwa yameyeyuka.

Bibi alikuwa anasuka ukili wa mkeka. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba." Akaendelea kusuka.

"Mama, nimekuja kukuomba radhi."

"Kwa lipi?"

Swali hilo, Tatu, ni gumu kuliko kupasua birika. Kusema "nisamehe" kwa jumla ni rahisi. Nikakaa chini karibu yake. "Si kwa choo. Choo tumeshakigeuza. Ni kwa lile neno la nyumba za wanao. Na kwa kunyamaza."

Akasogeza ukili pembeni. "Mie nilikwambia choo kimeelekea kibla. Weye ulisikia nini?"

"Nilisikia kwamba mimi ni mtu wa kuja."

Akasema, na haya maneno nimeyaandika hapa neno kwa neno ili nawe uwe nayo: "Amina, ningekuona mgeni nisingekwambia. Mgeni husitiriwa. Ningeoga, ningeshukuru, kisha ningekwenda kukusema kwa jirani. Nilikwambia usoni kwa kuwa u mwanangu. Hebu nambie, ni nani mwingine niliyebaki naye ndani ya nyumba ile?"

Nililia mbele ya shangazi yako na watoto wake wote. Sikuona haya.

Bibi akanipa muda wangu, akanipa na pembe ya kanga yake nijifute. Halafu akainamisha kichwa upande, unamjua anavyofanya akinusa jambo. "Umekigeuzaje? Pale hapageuki, lile birika liko njiani."

Nikairudisha ile pembe ya kanga. "Nimelivunja, Mama. Kwa mkono wangu."

Shangazi yako aliweka mkono kifuani. Mimi nikaona sasa ndiyo kwisha, nimejenga kwa mkono huu na kubomoa kwa ule. Kisha mabega ya Bibi yakaanza kutikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka! Alicheka mpaka akashika mbavu, akasema, "Alhamdulillahi! Birika lile lilivuja toka siku alipolimaliza. Bakari wangu alikuwa dereva, masikini, hakuwa fundi hata kidogo. Siku zote nasema moyoni, lini litaondoka hili? Lakini nilikuona unavyoliziba na kulifuta, nikasema, nimwache, ndilo alilobakiwa nalo la mumewe."

Miaka yote ile, Tatu. Mimi nalilinda kwa ajili yake, yeye analivumilia kwa ajili yangu, na maji yanatulowesha sote wawili, pamoja na wewe. Hakuna aliyefungua mdomo. Tulikaa pale ukumbini tukacheka mpaka watoto wa jirani wakaja kutazama, na kabla ya adhuhuri kikapu chake kilikuwa mkononi mwangu.

Yaliyofuata uliyaona, lakini acha niyaandike kwa raha zangu. Bibi hakutaka chai, hakutaka kukaa, alipitiliza uani moja kwa moja. Alisimama mlangoni mwa bafu, akanyoosha mkono kuelekea kibla kama anayepanga safu ya wanaosali, akakitazama choo, akautazama mkono, akaguna. Akapita juu ya sakafu taratibu, kidole gumba kinapima kila kipande. Akashika bomba la chuma, akalivuta kwa nguvu zake zote. Halikutikisika. Mwisho akafika kwenye benchi, akainama, akazipapasa zile marumaru za buluu.

"Huyu Bakari," akasema. Akakaa.

Ukapiga vigelegele, nikavipokea, na jirani kule juu ya ukuta akavimalizia. Sijawahi kusikia vigelegele vya bafu tangu nizaliwe, na sioni aibu navyo. Hapo ndipo ulipokwenda kuteremsha begi juu ya kabati.

Kwa hiyo huo mwiko. Ulikuwa wa babu yako, ukawa wangu, sasa wako. Sikupi ili ujenge. Huko uendako utakosea, kama nilivyokosea mimi, na mara nyingi utakosea mbele ya wale unaowataka wakuone hodari: wanafunzi wako, wenzako, na siku moja, inshallah, mume na mama yake. Saruji itakuwa imeshakorogwa na jua litakuwa kali. Ukiuona huo mwiko, kumbuka tu kwamba mama yako alivunja kazi ya siku nyingi mchana kweupe, jirani anachungulia, na hakuna kitu chochote katika maisha yake anachojivunia kama hicho. Na ukisikia neno limekuchoma, muulize aliyelisema alitaka kusema nini. Mimi ilinichukua miaka ishirini na nne kuuliza mara moja, na jibu likawa zuri kuliko nilivyostahili.

Sasa hivi ninavyoandika, nimekaa kwenye kibao cha mbuzi ya nazi jikoni na karatasi imelala gotini. Wewe uko uani na taulo begani na ndoo mkononi, unangoja kuoga kwa mwisho nyumbani, na umeshagonga mlango mara tatu. Ndani Bibi anaimba kaswida, sauti inagonga kwenye zile kuta mpya inarudi nene. Umemwambia, "Bibi, na sisi tunaoga!" Amekujibu, "Mke mwenzangu, nenda kaoge Kigoma!" Nimekusikia unacheka peke yako.

Hiyo ndiyo ruhusa yako, mwanangu. Ulisema huondoki mpaka Bibi arudi. Bibi amerudi, na bafuni hatoki. Ondoka.

Mama yako,
Amina, binti wa fundi wa Muheza